Somo la Moyo Juu ya Pikipiki

Pini ilikataa kuingia. Nilikuwa nimepiga magoti vumbini kando ya pikipiki ya shemeji yangu, waya wa spika mkononi. Kitundu kilikuwa pale pale chini ya usukani, nakiona kwa macho yangu mawili, lakini pini ilikwenda kushoto, ikaja kulia, ikakwaruza chuma. Nyuma yangu majirani walikuwa wanamwita mwanangu. Mbele yangu, juu ya mlima, mawingu yalikuwa meusi kama sufuria lililoungua.

"Lete hapa, shemeji."

"Niache. Nitaweza."

"Utaivunja, na sina nyingine."

Nikamwachia. Akaifuta pini kwenye suruali yake, akaisokomeza huku akiizungusha, na spika mbili zilizofungwa mbele ya pikipiki zikakoroma kama wazee walioamshwa.

Mwanangu tulimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa. Alikuwa na miaka mitatu. Mwaka ule nilikuwa nimerudi shule, masomo ya jioni, mama wa mtu nimebanana dawati moja na mlinzi wa ghala na bibi mwenye wajukuu. Baba yake Chiriku ni dereva wa malori, leo yuko huku, kesho yuko kule, kwa hiyo jioni mtoto alibaki na mama mkwe wangu. Na kila nilipochukua mkoba wa madaftari alilia mpaka sauti inakauka. Nilikuwa nafika darasani nikiwa bado namsikia.

Dawa yake niliipata kwenye kidude cha kuchezea muziki, kidogo hivi kwamba nyumbani tulikiita Kiberiti. Nilijirekodi humo nikimwimbia, na mwisho wa wimbo nikamsemesha kama ninavyomsemesha nikimfunika shuka. Nikishatoka, bibi yake anakiwasha, na mtoto anatulia kama maji mtungini.

Mlinzi wa ghala naye, mwanafunzi mwenzangu, alikuwa ananasa masomo kwa simu yake na kunitilia mule mule. Asubuhi, nikifua au nikiosha vyombo, Kiberiti kilikuwa kinanifundisha upya. Chiriku anageuza ndoo, anaikalia, anakuwa darasa. Somo alilolipenda kupita yote lilikuwa la moyo. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa na mtindo wake: hasemi jambo bila kuliuliza. "Moyo una vyumba vingapi?" Darasa zima: "Vinne!" "Sijasikia!" "Vinne!" Kisha kimya. Na ndani ya kimya kile, kutoka juu ya ndoo, peke yake, kwa nguvu zake zote: "Vinne!"

Siku zote alichelewa. Mama mkwe alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Huyu wako ndiye wa mwisho kuamka darasani."

Siku ile nilikuwa naanua nguo kwa sababu ya mawingu. Mama mkwe akatokeza mlangoni.

"Mwambie Chiriku aje aoge."

"Si yuko kwako, mama?"

"Kwangu? Mimi nilijua yuko kwako."

Tukatazamana. Nguo nilizoshika ziliangukia vumbini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kuziokota.

Barabara yetu ilikuwa inachimbwa mtaro. Makalavati, yale mabomba makubwa ya zege, mengine yalikuwa yamepangwa kando kama magogo, mengine yameshalazwa chini na kufukiwa, midomo yake imebaki wazi. Mtaro ulitoka mlimani, ukapita nyuma ya karakana ya mbao, ukashuka hadi bondeni. Msimamizi wa mafundi, mwanamume mwenye sauti ya chini, alikuwa ametuonya tangu mwanzo: "Mvua ikinyesha kule juu, hapa maji hayabishi hodi."

Tulitafuta uvunguni. Tulitafuta chooni, kwenye pipa, nyuma ya mbao. Majirani wakatoka, na kila aliyetoka aliita kwa sauti zaidi ya mwenzake. Mimi nilikuwa naijua tabia ya mwanangu: akisikia watu wazima wanapaza sauti, hudhani amekosa, anajificha. Nilijua, na bado mdomo wangu ulikuwa unapiga kelele kuliko yote. Woga hauna adabu. Nilikuwa naita huku namwona chini ya maji, naita huku namwona chini ya gari, na kila mahali nilipochungulia nilitaka awepo na nilitaka asiwepo.

Ndipo akafika Disko, mdogo wake mume wangu, na pikipiki yake. Kwenye pikipiki ile hapakuwa na kioo cha pembeni hata kimoja kizima, ila muziki wake ulikuwa unamtangulia kona tatu. Nikazitazama zile spika. Nikakimbia ndani kuchukua Kiberiti.

Pini ilipokwisha kuingia, tulikwenda polepole, miguu ya Disko inagusa ardhi. Mimi nyuma, Kiberiti nimekishika juu ya paja, waya umenipita chini ya kwapa. Na sauti yangu ikatoka mbele yetu, kubwa kama ya jitu, inaimba wimbo wa kulaza mtoto katikati ya barabara mchana. Watu walinyamaza. Mama mmoja alijishika kichwa. Tulipita dukani, tukapita karakana ya mbao, tukafuata mtaro hadi bondeni, tukarudi. Hakuna kitu. Tone la kwanza likanipiga shingoni, zito, la baridi.

"Tena," nikamwambia Disko.

Tukarudia. Chini mtaroni ulimi mwembamba wa maji ya matope ulikuwa umeanza kulamba mchanga, unajifikiria, unaendelea. Mlimani hapakuonekana tena, pamefungwa na mvua. Wimbo ukafika mwisho, na nikajisikia mwenyewe, taratibu, kwa upendo wote nilionao, nikisema kwa spika mbili: "Sasa funga macho, kipenzi. Tulia hapo hapo. Usitoke, hata ukisikia watu, mpaka mama arudi."

Nilikuwa nimezunguka mtaa mzima namwamuru mwanangu asitoke. Kwa Chiriku, wimbo ule ulikuwa na maana moja tu: mama hayupo.

"Simama! Disko, simama!"

"Umemwona?"

Vidole vyangu vililowa, vikateleza, Kiberiti kikaruka wimbo, kikaruka somo la hesabu, kikakwama, kikaruka tena. Nilikuwa natafuta sauti ambayo kwetu haikuwahi kusikika isipokuwa mama yupo, mikono yake imejaa povu.

"Wanafunzi," akanguruma mwalimu wa biolojia juu ya mtaa wetu, "leo tunaingia ndani ya moyo."

"Shemeji," Disko akageuka kunitazama, kwa upole kama anayeongea na mgonjwa, "twende nyumbani upumzike kidogo."

"Zima injini. Acha swichi, zima injini tu."

"Betri yenyewe mgonjwa, itakata."

"Zima!"

Akazima. Mwalimu alieleza mishipa. Akaeleza damu chafu na damu safi. Sikuwahi kuona mtu anayesema polepole hivyo duniani. Betri ilikuwa inafifia na sauti yake inakwenda chini, inaburuzika, na maji mtaroni yameshapata mlio wao. Mungu wangu, nikasema, mwache afike kwenye swali.

"Moyo una vyumba vingapi?"

"Vinne!" likajibu darasa, bibi mwenye wajukuu na mlinzi na mimi mwenyewe humo ndani, tumechoka na tuna furaha.

Mvua. Maji.

"Sijasikia!"

"Vinne!"

Spika zikakoroma, zikafa.

Nikatega sikio. Na kutoka chini ya ardhi, karibu na karakana ya mbao, kama kitu kilichodondoka ndani ya mtungi:

"Vinne!"

Disko alikuwa ameshatupa pikipiki. Sikumbuki kuruka. Nakumbuka maji magotini, baridi yake, na mdomo wa kalavati mweusi, na mimi nimelala kifudifudi nimeingiza mkono hadi begani. Kwanza nilishika mchanga. Kisha nilishika kisigino. Alikuwa amejikunja juu ya rundo la udongo ambalo mafundi hawakulitoa, macho amefumba kwa nguvu, masikio ameyaziba kwa mikono kwa ajili ya zile kelele zetu. Nilimvuta, Disko akanivuta mimi, na sote watatu tukaanguka ukingoni. Tulikuwa bado hapo, hatujainuka, maji ya mlimani yalipofika. Hayakubisha hodi. Yalijaza kalavati lile mpaka juu.

Chiriku akafumbua jicho moja.

"Mama, umerudi?"

"Nimerudi."

Disko alikaa kwenye matope, anatazama pikipiki yake iliyolala ubavu, midomo inamcheza. "Basi hata mimi leo nimesoma," akasema. "Vinne." Akacheka, kisha akaweka uso kwenye magoti na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu.

Wimbo niliufuta, nikarekodi mwingine usio na maneno mwishoni. Kiberiti chenyewe kililowa siku ile na tangu hapo kinaongea upande mmoja tu, lakini kinaongea.

Mwaka uliofuata niliingia chumba cha mtihani. Feni darini, viti vimetengana, msimamizi anapita bila viatu vyake kusikika. Katika karatasi ya biolojia swali la vyumba vya moyo lilikuwepo, jepesi, la kumpa mtu moyo wa kuendelea. Bibi mwenye wajukuu, dawati la mbele, alikuwa ameshafunua ukurasa. Mimi niliinua kalamu, nikangoja kidogo kama Chiriku, kimya kipite, kisha nikaandika.