Mtabiri wa Ukurasa wa Sita

Kwa miaka kumi na minane niliandika habari za nchi za nje kwenye ukurasa wa sita, na kila palipotokea jambo kubwa nilimalizia kwa utabiri mmoja. Siasa za dunia sikuzisomea darasani. Nilijifunza kwa magazeti ya zamani, kwa hiyo nilijiwekea utaratibu ili nisijidanganye. Nina daftari lenye safu mbili: ya kwanza "Nilichosema", ya pili "Kilichotokea". Pembeni naweka vema au kosa.

Hadi mwaka huu nilikuwa na makosa arobaini na moja. Vema hakuna. Waziri mkuu niliyesema hatamaliza mwezi alitawala miaka kumi na mmoja, akastaafu kwa hiari, sasa anafuga nyuki. Mazungumzo ya amani niliyoyaita yenye matumaini yalivunjika gazeti likiwa bado mtamboni.

Wasomaji waliniita Kinyume. Walinisoma kwa makini, kisha wakafanya mipango yao upande wa pili. Mimi nilitaka vema moja tu kabla ya kustaafu mwezi wa sita.

"Hata mimi ulisema nitakukataa," mke wangu aliniambia jioni moja, akivua viatu vyake vya hospitali.

"Hilo halimo daftarini."

"Liingize, Baba watoto. Ndilo la kwanza."

Jumatatu moja akaja ofisini ofisa habari wa ubalozi mmoja, amevaa suti nzito na kubeba kopo la biskuti. Nilimpa kiti cha wageni, kile chenye mguu mfupi. Akakaa kwa tahadhari.

"Ndugu mwandishi, rais wetu anakusoma."

"Nashukuru sana."

"Anakusoma kwa hofu." Akasogeza kopo mezani. "Uchaguzi wetu ni wiki mbili zijazo. Tunakuomba, kwa heshima zote, uandike kwamba atashindwa."

Shida ni kwamba makala ilikuwa tayari kwenye droo tangu Jumamosi, na ilisema hivyo hivyo. Mawaziri watatu walikuwa wamemhama, na picha za mikutano yake zilianza kukatwa zibaki safu za mbele tu. Nilipitia hesabu yangu mara mbili. Alikuwa anashindwa.

Nikaenda kwa mhariri nikamweleza yote. Alikuwa anasahihisha vichwa vya habari, hakuinua uso.

"Ukiandika atashindwa, watasema tumenunuliwa kwa biskuti."

"Na nikiandika atashinda, nitakuwa nimedanganya."

"Hujawahi kupatia, mzee. Tofauti iko wapi?"

Nikalibeba swali hadi nyumbani, pamoja na kopo, nililokusudia kulirudisha asubuhi. Nilipotoka kuoga nikamkuta mke wangu ameshalifungua.

"Wewe mwenyewe unaona nini?" akaniuliza.

"Atashindwa."

"Basi andika."

"Watasema nimehongwa."

Akatafuna kidogo, akafikiri. "Kwa hizi? Zimeshalainika."

Niliandika nilichokiona. Chini kabisa nikaongeza mistari miwili: "Ofisa wa ubalozi aliniomba niandike hivi na akaniletea biskuti. Ningeandika hivi hata bila biskuti, ambazo mke wangu amezila." Mhariri alitaka kufuta sehemu ya mke. Nikamwomba aiache, kwa kuwa ni kweli.

Ikulu ya kule, gazeti lilipowafikia Alhamisi, walipumua, wakaanza kusimamisha maturubai ya sherehe. Uchaguzi ulipofanyika rais alishindwa hata kwenye kituo alichopigia kura yeye mwenyewe.

Niliweka vema kwa kalamu nyekundu. Alama ikatoka ndefu ikaingia mstari wa chini.

Ofisini hakuna aliyenipongeza. Simu ililia kutwa nzima. Mama mmoja aliniambia kwa upole kwamba mjomba wake alishaagiza kanga mia tatu za kuuza kule, zenye picha ya mshindi, yaani yule aliyeshindwa. Mhariri akasimama mlangoni na orodha ya waliolalamika.

"Miaka yote hii tunakutegemea," akasema. "Umekuja kutuangusha mwishoni."

Wiki iliyofuata ofisa habari alikuja kuniaga. Ameitwa kwao. Suti ilikuwa ile ile, ila safari hii alikaa kwenye kile kiti bila tahadhari yoyote, kikamyumbisha, akakiacha kiyumbe.

"Sikulaumu," akasema. "Moja kati ya arobaini na mbili, hiyo ni ajali. Bado nakuamini." Akasogea mbele. "Nina watoto wanne, ndugu yangu. Hebu niambie. Serikali mpya itanipa kazi?"

Nilimtazama. Alikuwa mstaarabu, anajua lugha tatu, hana adui. Niliona wazi kwamba kabla ya mwezi kwisha watamwita. Nikafungua mdomo niseme hivyo, nikaona macho yake yananisubiri.

"Hawatakupa," nikamwambia.

Akafumba macho, akashusha pumzi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru mpaka mlangoni.

Nilitoa daftari nikaandika mstari wa arobaini na tatu. Safu ya kwanza inauliza nilichosema, haiulizi nilichofikiri, kwa hiyo nikaandika: "Hatapata kazi." Safu ya pili bado iko wazi. Kwa mara ya kwanza naomba iwe kosa.