Barua za Oddrun Mbele ya Jaji

…na kila akitaka kufunua ukurasa analamba kidole gumba, Mungu wangu, anakilamba taratibu kisha anakipitisha kwenye ukingo wa karatasi, na karatasi hizo ni barua pepe ambazo Oddrun alimwandikia dada yake Jorunn kule Bergen kwa miaka minne, na sasa zimelowa mate ya Sigbjørn Falch, meneja wa kiwanda cha samaki, yuleyule aliyemfukuza kazi mwezi wa tatu, ameketi mita mbili tu kutoka kwake katika chumba hiki cha mahakama kinachonuka kahawa na makoti yaliyoloa theluji, kajikunyata kama yeye ndiye aliyeonewa… wakili wake amesimama, tai ya kijani, lafudhi ya Oslo, anasema, "Mheshimiwa Jaji, ni tatu tu, fupi, zinaonyesha wazi kwamba huyu mama alikuwa akimtafuta bosi wake kwa udi na uvumba, hii hapa ameandika, siku moja nitamtia Sigbjørn aibu mpaka mkewe amkimbie," na nyuma mtu anacheka, lakini ule ulikuwa utani, Jorunn alijua ni utani, maneno yale yalikuwa ya jikoni kwao wawili… "Tunapinga," anasema Benedikte, wakili wa Oddrun, "zimeibwa hizo, sanduku lile la barua pepe lilikuwa lake binafsi, si la kampuni, mtu akivunja dirisha langu akachukua shajara yangu, tutaisoma hapa?" na jaji anapenga kamasi, ana mafua tangu asubuhi, "Sheria haikatai kila kilichopatikana kwa njia mbaya, Wakili, hukataa katika hali za pekee tu, niambie upekee uko wapi"… upekee, upekee uko kwenye jibini, mbona hakuna anayeuliza habari za jibini, siku ile alikimbia hospitali mama yake alipoanguka, akasahau kufunga barua zake kwenye kompyuta ya ofisini, siku mbili tu, akarudi akakuta kiti kimeshushwa na kipande cha jibini la kahawia kimegandia kati ya vitufe, yaani alikuwa anakula, alisoma huku akitafuna, akasoma habari za nepi za mama, za joto linalompanda Oddrun mwilini katikati ya mkutano mpaka maziwa yanalowa jasho, za Halvard mumewe ambaye hajamgusa tangu mwaka juzi, Halvard yuko pale nyuma, amevaa sweta aliyomfumia yeye, hajui kwamba Sigbjørn anajua… kinyaa, kama kuvua nguo bafuni ukaona jicho kwenye tundu, na jicho lenyewe linatafuna mkate. "Tulia, dada," Benedikte anamnong'oneza, "jaji akizikataa tumeshinda, hawana kingine cha kuonyesha kwamba ni wewe uliyepeleka zile picha gazetini," naam, tumeshinda, atarudishwa kazini, atavaa tena koti jeupe la mkaguzi, atashika tena muhuri… zile picha, makasha ya chumba cha pili cha baridi, samaki wana utelezi wa kijani na harufu inayochoma macho, alimwita Sigbjørn aje aone, na Sigbjørn akaziba pua kwa mkono wa koti akasema, "Osheni kwa maji ya chumvi, pakieni upya, wewe saini tu Oddrun, wazee hawatajua tofauti," wazee wa nyumba ya wazee pale juu kanisani, na Oddrun akasaini, alisaini, juma lililofuata akasaini tena, na Bi Petra, mmoja wa wazee hao, aliyemfundisha kusoma, akatapika siku tatu, akatolewa kitandani mwepesi kama kanzu tupu, na ndipo tu alipopiga picha, baada ya sahihi mbili… "Mheshimiwa, gazeti lenyewe liliomba radhi," anasema Tai ya Kijani, "hakuna ushahidi wowote kwamba samaki wale walikuwa wameharibika," na ni kweli hakuna, daftari za kiwanda ziliandikwa upya, makasha yalichomwa, hakuna popote duniani… isipokuwa pale, tarehe tisa mwezi wa pili, barua kwa Jorunn, aliiandika mikono ingali inanuka, maneno yote ya Sigbjørn yamo, koti puani, maji ya chumvi, wazee hawatajua, na chini yake, nami nimesaini Jorunn, nimesaini kama mwoga… naye Sigbjørn ameisoma, lazima ameisoma, aliyefika mpaka kwenye nepi ameirukaje hiyo, ameiona akairuka, akachukua utani, na Benedikte hajui kitu kwa sababu Oddrun alimwambia hakuna la maana zaidi ya hizo, porojo tu za dada na dada… basi wote wawili wamelishika jambo lile lile wanalikandamiza lisitoe harufu, yeye na mtu huyu, miezi yote hii amekuwa akimwonea kinyaa kumbe wanavuta kamba upande mmoja, mwizi na mwenye mali wanaombea barua moja isionekane, na kinyaa kinamrudi, safari hii si kwa ajili ya Sigbjørn… "Mama Oddrun Myrvang," jaji anaita, leso ingali mkononi, "nataka kukusikia mwenyewe, unapinga barua hizi kusomwa?" na Benedikte anamgusa kiwiko, sema ndiyo, neno moja tu, na nyuma kiti cha Halvard kinalia, masikini Halvard, leo jioni watakuwa na mengi ya kuzungumza au hawatakuwa na lolote… "Sipingi," anasema Oddrun. "Aliziiba, hilo liandikwe. Lakini zisomwe zote, si tatu." "Dada, unafanya nini?" anasema Benedikte. "Zote?" anauliza jaji. "Zote, na tuanze na ile ya tarehe tisa mwezi wa pili," anasema, "mniache niisome mimi."