Bangili Iliyoshika Weusi

Miaka kumi na mmoja alipiga koleo kwenye uwanja wa salfa, akirudi nyumbani akiwa wa manjano hadi kwenye kope. Kisha meneja akagundua kwamba ana ulimi mzuri, akampandisha ofisini awe anawatembeza wenye hisa wanapokuja kuona pesa zao zinafanya kazi gani. Akanunuliwa suti. Wenzake wa uwanjani wakambatiza Bwana Suti, naye akajifanya jina hilo halimfurahishi.

Maneno yake aliyakariri. Siku hizi, aliwaambia wageni, salfa nyingi haichimbwi. Hutolewa kwenye mafuta na gesi vinaposafishwa. Hapa huchomwa ikageuzwa asidi, asidi ikaenda kutengeneza mbolea, na wakulima wakinunua mbolea kwa wingi, gawio la wenye hisa hunenepa. Hapo wote walitabasamu. Aliwakumbusha pia kwamba mwenye hisa, hata awe na moja tu, akiuliza swali lazima ajibiwe. Mwisho aliazima pete ya fedha ya mgeni, akaifukia kwenye unga wa manjano uliopashwa moto, akaitoa nyeusi tii. Kisha aliisugua kwa dawa ya meno mpaka ikang'aa, na watu wakapiga makofi.

Mchezo huohuo ndio uliomtia wazimu. Jioni moja mkewe alipokuwa anammiminia chai, aliona bangili yake ya fedha, ile aliyomvika siku ya ndoa, imeshika weusi. Zamani hilo lilikuwa jambo la kawaida, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeleta salfa nyumbani. Lakini sasa ilikuwa miezi minane hajagusa koleo. Ananukia sabuni na marashi. Basi ni nani anayemshika mkewe mkono?

Akawa mpelelezi wa nyumba yake. Jumatatu bangili inang'aa, Alhamisi nyeusi tena. Siku moja akamkuta mke bafuni anaisugua kwa dawa ya meno, mbiombio. Wivu ukampanda. Alipomuuliza anashinda wapi asubuhi, mke alijibu kwamba huenda kwa dada yake. Dada mtu, alipopigiwa simu ya salamu tu, akalalamika kwamba hajamwona mdogo wake mwezi mzima.

Jumanne, akiwa dirishani ofisini, aliwaona kwenye lango la nyuma. Mkewe alikuwa amesimama na Mwanya, dereva wa mtambo wa kupakia, ambaye mwanya wa meno yake ya mbele ulikuwa umeshavunja nyumba mbili kwa hesabu za Bwana Suti. Kwa hesabu za watu wengine, haukuvunja hata moja. Hapo zamani Bwana Suti na Mwanya walikula sahani moja, na Mwanya alimwita mke wa mwenzake shemeji, mke akicheka. Sasa alikuwa anampa furushi, na mke alicheka vilevile.

Angeweza kushuka ngazi akauliza. Hakushuka. Alikwenda kwa meneja, akasema amemwona Mwanya kwa macho yake akivuta sigara kando ya rundo. Salfa ikishika moto pale, mtaa mzima utakohoa wiki nzima, kwa hiyo adhabu yake haina mjadala. Mwanya aliapa kwamba aliacha sigara tangu mwanawe wa kwanza azaliwe. Lakini nani asikilize ovaroli wakati suti imeshasema? Kabla ya saa sita alikuwa nje ya lango, na Bwana Suti akajiambia kwamba roho yake imetulia.

Ijumaa wenye hisa wakaja, watu thelathini hivi wenye kofia ngumu. Alipofika kwenye habari za asidi, alimwona mkewe katika safu ya nyuma, beji ya mwenye hisa kifuani. Ule ulimi mzuri ukaanza kuchanganya maneno. Mchezo wa pete aliuruka. Wageni walipokwenda kunywa chai, mke akamvuta kando, chini ya ngazi za ofisi, uso umejaa furaha.

"Hisa hamsini," alisema. "Nimezinunua mwenyewe. Nilitaka siku moja nikusikie ukiongea na watu."

Pesa kazitoa wapi? Kumbe kwa miezi mitano amekuwa akifua ovaroli za uwanjani kwa dobi wa mtaa wa pili. Alificha kwa sababu mume mwenyewe, siku ya kwanza ya suti, alitangaza kwamba mke wake hatashika tena vumbi lile. Mwanya ndiye aliyemtafutia kazi hiyo na kumletea mafurushi langoni. Na bangili hakuwahi kuivua, hata mikono ikiwa ndani ya beseni.

"Ila Mwanya hajaniletea furushi tangu Jumanne," aliongeza. "Anaumwa?"

"Kafukuzwa. Mimi ndiye niliyemfukuzisha."

"Kafanya nini?"

Macho ya mume yalishuka kwenye bangili yakaganda hapo, na mke akayafuata. Alikuwa ameishi na mtu wa salfa miaka tisa, hakuhitaji kuelezwa. Furaha ikamtoka usoni taratibu. Akaivuta bangili, ikakwama kwenye kifundo cha dole gumba, akaivuta tena mpaka ngozi ikachubuka, akamwekea mumewe mkononi.

"Hii ing'arishe mwenyewe," alisema.

Kisha akaiweka sawa beji yake, akaanza kupanda ngazi kwenda kwa meneja, kuuliza swali lake. Mumewe alibaki chini na bangili mkononi, akisikia kila hatua ya viatu vyake juu ya chuma.