Hatua ya Tano ya Kumvalisha Chenga Mkanda

Watu wakipita hapa kwangu Mkula wakamwona Chenga na mkanda wake shingoni, swali lao huwa moja. "Mzee Salvatory, huu umenunua Ifakara au umeletewa kutoka Dar?" Basi nacheka. Nawaambia kaeni kwanza, maana jambo hili siwezi kulisema mtu akiwa amesimama na baiskeli.

Chenga ni mbwa wangu jike, rangi yake kama mpunga ulioiva. Nilimkuta kadogo chini ya mashine ya kukoboa, kanakula zile chenga zinazomwagika, ndiyo jina likaja lenyewe. Kitanda chake ni mkeka wa ukindu. Kausuka mke wangu Agnella, ambaye ukimuuliza atakuambia hapendi mbwa. Mkeka wa mtu asiyependa mbwa una mistari myekundu na pindo pande zote nne, mimi wangu hauna pindo. Bakuli lake nimechonga mwenyewe kwenye kipande cha mti wa mkongo kilichobaki kwenye fremu ya mlango. Zito, halipinduki. Hayo yote alipokea vizuri. Mkanda ndio ulikuwa vita.

Tatizo ni kwamba Chenga alipokuwa hajafikisha hata mwaka alipotea siku mbili. Nikamkuta juu huko, karibu na mlima, amenaswa kwenye tanzi la waya ambalo mtu alimtegea nguruwe. Ule waya uliingia shingoni. Akapona, Agnella akimwosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, huku anamtukana. Ila lile kovu halikuota manyoya, na tangu hapo kitu chochote kikimgusa shingo anakuwa si yeye. Hata mkono wangu mimi. Nikamzoea hivyohivyo. Mbwa wa kulinda mpunga bondeni wa kumfunga ni wa nini? Yeye ngedere wakimsikia tu wanarudi walikotoka.

Sasa Jumapili moja, mwaka jana, tunatoka kanisani, Remigius akasimama kwenye ngazi. Remigius ndiye mwenyekiti wetu wa kitongoji, kijana mzuri, sauti kama ya mnada. Akasema ng'ambo ya mto kuna mbwa amepata kichaa, ameuma watu wawili. Kwa hiyo Jumamosi afisa mifugo anakuja uwanja wa shule kuchanja. Mbwa aje amefungwa mkanda na kamba, asiyefungwa hachanjwi, maana safari iliyopita mchanjaji aliumwa mguu. "Na wiki inayofuata," akasema, "mbwa asiye na kadi anapigwa risasi. Sitaki kulaumiwa."

Halafu akaniangalia mimi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeshaniua, sasa unaniamkia?"

"Mzee Salva, sheria si yangu. Mfunge tu."

"Mfunge wewe nione."

Akacheka, lakini hakuja kumfunga.

Jumatatu nikaenda barabarani kwa Tamimu. Tamimu ni fundi viatu, Mwislamu, wazee wake walitoka pwani, na mimi na yeye tumetaniana tangu tuna nywele nyeusi. Nikamwambia nataka mkanda wa mbwa, laini, usiofanana na waya hata kidogo. Akafikiri huku anachezea msharasi wake wa kutobolea.

"Nje nitaweka tyubu ya baiskeli," akasema. "Ndani kitenge, mara mbili, usimchubue. Chuma cha kufungia ninacho, kimetoka kwenye begi la mwanafunzi. Lakini Salva, mimi na mate ya mbwa unajua. Sitaki safari ya kujitwaharisha. Niletee kipimo."

"Kipimo ninacho." Nilikuwa nimempima akiwa amelala, kwa ukanda wa ukindu, naupitisha juujuu bila kumgusa, jasho linanitoka.

Wakati nangoja, nikaenda pale pembeni kwa Waridi, mke wa Tamimu, anayeuza karanga. Mbele yangu alikuwa dereva wa lori la kwenda Mlimba, akafungiwa zake akaondoka. Nikafungiwa zangu. Natafuna, naangalia ile karatasi, nikaona picha ya mbwa. Mbwa amevaa mkanda! Mimi shule niliishia darasa la tatu, mwalimu alihamishwa Masagati na mimi nikahamia kwenye mpunga, lakini herufi kubwa nasoma. Ilikuwa imeandikwa: KUMZOEZA MBWA KUVAA MKANDA.

"Waridi, hiki kitabu kimebaki?"

"Kipo kapuni, shemeji. Nimenunua makaratasi kwa kilo. Kwani kuna nini?"

"Nipe chote."

Akanipa. Hakikuwa na jalada, kwa hiyo mpaka leo jina la kitabu silijui wala la aliyekiandika, Mungu ambariki popote alipo. Kinaanzia ukurasa wa saba. Ukiniuliza mpenda mbwa asome kitabu gani, nakutajia hicho kwa namba ya ukurasa. Wa kumi na mbili, jinsi ya kuondoa kupe. Wa kumi na tisa, kwa nini mbwa anakula majani. Wa ishirini na sita nimesoma mara nyingi, unasema mbwa mwoga hapigwi kelele, kwa sababu kelele anazo tayari kichwani mwake. Huyo aliyeandika alikuwa na mbwa, siyo mtu wa ofisini.

Na ukurasa wangu wa karanga ulikuwa wa ishirini na tisa, nyuma yake thelathini. Agnella akavaa miwani akanisomea, kidole kinapita chini ya maneno. Hatua ya kwanza, mwache anuse mkanda. Ya pili, weka chakula karibu na mkanda. Ya tatu, uweke mgongoni kwake, siyo shingoni. Ya nne, mguse nao shingo bila kufunga, umpe kitu kitamu. Chini kabisa kwenye kona: *Hatua ya tano.* Basi. Karatasi imeisha.

Hatukuhangaika. Tulisema nne zinatosha. Jumanne kunusa, sawa. Kwenye chakula, sawa, maana Agnella alitoa vichwa vya perege. Jumatano mgongoni, akajikunyata kidogo, akatulia. Jioni nikamgusa nao shingoni, pale pale kwenye kovu. Alitetemeka kama pikipiki iliyowashwa, lakini hakukimbia. Nilimwimbia. Agnella akasema ndicho kilichomtetemesha.

Alhamisi asubuhi nikajaribu kufunga. Kile chuma kililia *kli*, na Chenga akaniponyoka. Hakubweka, hakuuma. Alilia tu kama mtoto, akakimbilia bondeni. Mkanda umebaki mkononi mwangu. Nikakaa chini. Kichwani nilikuwa namwona Remigius na watu wa bunduki wanakuja na Chenga anawatikisia mkia, maana Remigius anamfahamu.

Agnella akatoka na ufagio. "Baba Fidel, kitabu kinasemaje?"

"Kinasema hatua ya tano."

"Basi katafute hatua ya tano. Kukaa hapo ndiyo hatua gani?"

Nikapanda baiskeli mpaka kwa Waridi, mkanda nikauchukua ili Tamimu aongeze matundu. Nikamwambia natafuta ukurasa wa thelathini na moja.

Waridi akahesabu kwa vidole. "Shemeji, mimi nachana kuanzia nyuma kwenda mbele. Kwa hiyo unaofuata wako ndio niliutoa kabla yako. Nani alikuwa mbele yako?"

Tukaangaliana.

"Dereva wa lori," nikasema.

"Ehee. Hatua yako ya tano imekwenda Mlimba na karanga ndani."

Tamimu alicheka mpaka akaweka kiatu cha mtu chini. Kisha akaniona sura, akachukua msharasi, akatoboa yale matundu. Alikataa hata shukrani.

Nilikuwa nimenunua na gunia la pumba, nikalifunga nyuma ya baiskeli, ikawa nzito, lazima niisukume kwa mikono miwili. Mkanda nao sina pa kuuweka, suruali ile mifuko ilishatoboka. Nikauvaa shingoni. Siyo kwamba nilikuwa na akili yoyote, nilitaka mikono tu. Nimefika nyumbani, Chenga karudi, yuko chini ya dungu la kuku, tope mpaka masikioni. Akaniangalia. Akainuka polepole. Akaja, akapandisha miguu ya mbele kifuani kwangu, akanusa ile tyubu, akanusa kile chuma, akakilamba. Halafu akanusa shingo yangu huku na huku, muda mrefu, kama anayetafuta kovu.

Nikasema, mama, kumbe ni hivyo.

Sikuuvua tena. Nikala nao, nikalala nao, Agnella akanigeuzia mgongo. "Nimeolewa na mwanaume wa miaka sabini na mbili," akauambia ukuta, "sasa nina mbwa wawili, na mmoja anakoroma." Ijumaa mchana nikaenda jumuiya nimesahau kabisa. Tuko katikati ya rozari, nasikia wanawake wanabana cheko. Tulipomaliza Remigius akaniinamia.

"Mzee Salva, huo ni mkanda wa chama gani cha kitume? Sisi wengine hatujagawiwa."

"Ngoja kesho," nikamwambia.

Lakini nilikuwa nimeshaona tatizo. Mkanda mmoja ukiwa wangu, wa kwake uko wapi? Nikiuvua kumvika yeye, nitakuwa nimemwachia mzigo peke yake. Nikarudi kwa Tamimu.

"Nataka mwingine. Kitenge kilekile."

"Mbwa wa pili umempata lini? Kipimo kiko wapi?"

"Kipimo hiki hapa." Nikanyoosha shingo.

Tamimu akaniangalia, akatazama juu, akaita, "Waridi! Njoo ushuhudie!" Kisha akachukua uzi akanizungushia mwenyewe, kwa mikono yake. "Wewe nakushika," akasema. "Mate yako nimeyazoea miaka arobaini, ukiongea unanirushia." Akaushona palepale, wateja wengine wakangoja.

Jumamosi asubuhi nikakaa sakafuni, kwenye mkeka wa Chenga. Yeye pembeni. Nikavaa wangu mpya, nikafunga. *Kli.* Masikio yakalala. Nikafungua, nikafunga. *Kli.* Mara nyingi tu, mpaka masikio yakarudi juu na akaanza kuchoka na mimi. Ndipo nikachukua wa kwake, uliolala na mimi siku mbili, nikaupitisha. Agnella amesimama mlangoni, kichwa cha perege mkononi, midomo inakwenda, sijui anasali au anatukana. Nikafunga kwenye tundu la mwisho, lililolegea kabisa. *Kli.*

Alisimama kama ametengenezwa kwa mti. Macho yake yalikuwa kwenye shingo yangu. Nikamwinamia, paji langu kwenye paji lake, nikamwambia taratibu, unaona, na mimi ninao, wala sijafa. Akashusha pumzi. Agnella akamrushia kile kichwa cha perege, Chenga akakila kimya kimya kama mtu aliye msibani.

Kamba nilikuwa nimeisuka kwa nyuzi za viroba, ncha mbili. Moja nikaifunga kwake, moja kwangu, shingoni. Mikono nikaiacha wazi ili aone sivuti. Tukaenda hivyo, tumefuatana, kupitia barabara kubwa. Abiria wa basi la Ifakara walitoa vichwa madirishani. Waache.

Uwanja wa shule ulijaa mbwa na kelele. Afisa mifugo alikuwa binti mdogo anaitwa Jane, glavu mkononi, amechoka tayari. Foleni ikafika kwetu. Akaniangalia mimi, akaangalia Chenga, akafuata kamba kwa macho toka mwanzo mpaka mwisho.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

"Sasa... ninayemchanja ni yupi?"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Remigius nyuma yangu akapaza sauti, "Mchanje wote wawili, daktari! Kwa usalama wa kitongoji!"

Chenga alianza kutetemeka kwa ile kelele. Nikapiga magoti, nikaweka shingo yangu kwenye shingo yake, mkanda kwa mkanda. Jane akaelewa. Akawanyooshea watu kidole, wakanyamaza, Remigius naye. Akamchoma haraka, na Chenga wala hakugeuka, alikuwa ananilamba sikio.

Kisha Jane akajaza kadi. Jina, Chenga. Jinsia, jike. Rangi, nikamwambia mpunga ulioiva, akaandika kahawia. "Alama maalumu?"

"Kovu shingoni."

Akainama kuangalia. "Mbona silioni, babu?"

"Limefunikwa na mkanda," nikasema.

Jane akaniuliza nilimzoezaje. Nikamweleza habari ya kitabu, karanga na lori la Mlimba. Akataka kukiona, akaja mpaka nyumbani, akakisoma amekaa kwenye ngazi. Alipofika chini ya ukurasa wa thelathini akanipa kalamu yake. "Malizia babu."

"Mimi? Darasa la tatu?"

"Kwani nani mwingine anayeijua?"

Nikaandika kwenye kona palepale, herufi kubwa, Agnella ananisahihisha huku anachambua mboga. HATUA YA TANO. UVAE WEWE KWANZA.

Kwa hiyo ukitaka mkanda, Tamimu yupo barabarani, ukampelekee kipimo chako na cha mbwa wako. Kitabu nakuazima, siku tatu. Ila ukirudishe kikiwa kizima, na usikisome ukiwa unakula karanga.