Taya Lililojipiga Picha

Hii hautaamini, lakini Thika mwaka wa 1956 taya la mtu lilijipiga picha bila mashine!

Mbithe, mpiga picha za mifupa hospitalini, alipeleka saa yake kwa fundi Navnit. Fundi, shavu limemvimba, alikuwa anapaka namba za saa rangi ya radium, ile inang'aa gizani, na kila mara analamba brashi ndio ichongoke.

"Fundi, si jino linakuuma?"

"Ni uzee tu, dada. Hii rangi ni tamu kuliko chai ya kwenu kule Ngoliba!"

Mbithe hakucheka. Alijua atomu za radium zinavunjika zenyewe zikirusha miale, lakini je, zinaweza kuingia mfupani zikakaa zikiuozesha? Akampa filamu ya hospitali iliyofungwa karatasi nyeusi isipate mwanga, aifunge shavuni siku tatu.

Alipoichukua na kuisafisha, akashtuka. Doa jeusi refu, pale pale taya lilipolala, na hakuna mashine iliyowashwa! Miale ilitoka ndani ya mfupa wenyewe.

Akakimbia dukani. Navnit alikuwa anataniana na mteja, brashi iko mdomoni, saa ishirini za wateja zikimngoja mezani. Kulamba ndio ufundi alioachiwa na babake. Wewe ungeanza kumwambia nini?