Woga wa Mwalimu Breki

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Breki, na hakuwa na la kujitetea. Gari la kufundishia udereva lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na katika gari lake ile ya mwalimu ndiyo iliyokuwa imelika kwa kukanyagwa. Paka akionekana tu anawaza kuvuka barabara, mguu wa Breki ulikuwa umeshafika. Mtu aliweza kumaliza mafunzo yote bila kujua gari linasimamishwa vipi.

Nyumbani hali ilikuwa ileile, ila huko hakukuwa na pedali. Kabla ya kutoka aliuliza kama gesi imezimwa. Akifika getini aliuliza tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayeulizia kitu kingine. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na hakupandwa na presha kwa lolote isipokuwa wateja wanaonenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuchukua nguo. Huyo aliacha kumjibu zamani. Aliyejibu ni binti yao wa darasa la pili.

"Imezimwa, baba. Nimeangalia."

Hilo neno "nimeangalia" lilimkata maini. Basi ndiyo hivyo, alijisemea, mtoto kaurithi. Macho mazuri kayachukua kwa mama yake, na kwa baba kaambulia wasiwasi.

Katika hali hiyo pacha wa Breki akaja na jipya. Walikuwa pacha wa kufanana kweli kweli. Mama mkwe aliwahi kumpakulia chakula pacha asiyehusika na kumsifu kwa kumtunza bintiye. Lakini pacha huyo alikuwa fundi wa mapaa, mtu wa kutembea juu ya mbao nyembamba huku anapiga mluzi. Sasa alitaka kumchukua binti likizo nzima akacheze na binamu zake.

"Ukitaka njoo uikague nyumba kwanza," alisema. "Lete na tochi, uangalie chini ya vitanda."

Breki akasema atafikiria. Katika familia ile kila mtu alijua maana ya Breki kufikiria.

Siku hizo alikuwa akimfundisha profesa mmoja, mama wa makamo aliyechunguza jinsi watu wanavyorithi tabia. Alijua mengi kuhusu damu za watu na machache sana kuhusu klachi. Walikuwa wakizunguka uwanja wa mazoezi, Breki akakohoa kidogo.

"Profesa, hivi wasiwasi unarithiwa?"

"Kwa sehemu," alisema profesa, na gari likaruka mara moja likazima. "Lakini hakuna jeni moja ya wasiwasi. Ni nyingi, kila moja inachangia kidogo. Kuna watu huzaliwa wepesi wa kuguswa kuliko wenzao. Halafu yanakuja maisha. Msukosuko ukimkuta mtu wa namna hiyo, hasa akiwa mdogo, unaweza kumwingia ukakaa. Akiishi kwa utulivu, huenda usiuone wasiwasi wenyewe kabisa."

"Nina pacha wa kufanana. Yeye haogopi kitu."

Profesa aliwasha gari na kumgeukia, macho yakimng'aa. "Mlilelewa pamoja?"

"Tazama mbele, Profesa, mbele," alisema Breki, na mguu wake ukafanya kazi yake.

Gari likiwa limesimama hapo, akamweleza. Walikuwa na miaka minane mama yao alipougua, mjomba akaja kuwachukua wote wawili. Pacha wake alipanda gari akipunga mkono. Yeye aligoma, akabaki, maana aliona mama hawezi kuachwa peke yake. Mwaka ule alijifunza kusikiliza pumzi za mama akiwa chumba cha pili. Zikiwa nzito anaamka, zikiwa kimya mno anaamka. Mama alipona, akaishi, akanenepa, akagombana na majirani kama kawaida. Aliyebaki macho ni mtoto. Hayo hakuwahi kumwambia hata mkewe, na sasa alipoyasema yalimuuma, tena yakampunguzia mzigo.

"Kwa hiyo binti yangu?" aliuliza.

"Siwezi kumsemea mtoto nisiyemjua. Ila damu umeshampa, huwezi kwenda kuidai. Kilichobaki mikononi mwako ni nyumba anayoishi." Profesa akashika usukani. "Na mimi nina ombi. Leo niache nisimame mwenyewe."

Breki akakunja miguu chini ya kiti. Profesa akasimama. Alisimama juu ya koni ya plastiki, lakini alisimama mwenyewe, na alifurahi kama mtoto.

Jioni hiyo Breki alimpigia pacha wake simu, akakubali. Pacha akauliza kama anaumwa.

Siku ya safari alijikaza kisabuni. Mkewe akamwambia uso ule angeupeleka kwa daktari wa meno. Nje pikapu ya pacha ilikuwa inanguruma, lakini binti alikuwa amekaa juu ya begi lake katikati ya sebule.

"Siendi," alisema.

Breki akachuchumaa mbele yake. Aliona yale yale, damu yake mwenyewe imemkalia mtoto. "Unaogopa mbwa wa baba mkubwa?"

"Yule mbwa nampenda."

"Giza?"

"Hapana."

"Sasa unaogopa nini, mama?"

Binti akamshangaa. "Mimi siogopi kitu. Ila nikiondoka, nani atabaki na wewe? Mama huwa hakujibu."

Mkewe akasimamisha cherehani. Breki alikaa chini sakafuni. Kumbe alikuwa akitafuta woga ndani ya mtoto wakati mtoto yuko zamu, zamu ileile aliyoishika yeye akiwa na miaka minane, na safari hii aliyemweka zamu ni yeye. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona.

"Nisikilize," alisema. "Baba ni mtu mzima. Naogopa, ni kweli, lakini huu woga ni wangu, nitakaa nao mwenyewe. Si kazi yako."

"Na mimi nitamjibu," alisema mkewe, akitoa pini mdomoni. "Likizo hii tu, asizoee."

"Kweli?"

"Kweli."

Binti akawapima wote wawili kwa macho. Halafu akanyakua begi, akakimbia, akarukia ndani ya pikapu, akaanza kumsimulia baba yake mkubwa jambo refu kwa mikono miwili. Gari likaondoka. Breki alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu, tayari kupunga.

"Hata hakugeuka," alimwambia mkewe, machozi yanamtoka. "Umeona? Hakugeuka hata kidogo." Na katika maisha yake yote hakuwahi kutangaza habari njema kuliko hiyo.