Mafuta ya Mbuzi kwenye Gemu ya Nurudin

Wewe, umewahi kumwona mwanamume mzima, mwenye mvi kidevuni na mjukuu njiani, akilionea wivu sanduku la plastiki? Basi ungefika Ishiara mwaka ule gemu ilipoingia, ungemwona Njoka mwenye bucha amesimama mlangoni pake, kisu mkononi, mteja anangoja kilo yake, na macho yake yako ng'ambo ya barabara kwenye duka la Nurudin.

Nurudin alikuwa rafiki yake, na si rafiki wa salamu tu. Njoka alikuwa mtu wa kanisa, Nurudin mtu wa msikiti, na bucha ya mjini ikitaka kuuzia watu wote lazima mbuzi achinjwe na Mwislamu. Kwa hiyo kila asubuhi Nurudin alivuka barabara na kofia yake nyeupe, Njoka akashika miguu ya mbuzi, Nurudin akasema bismillahi na kupitisha kisu. Kisha walinawa mikono kwenye beseni moja la bati, Njoka akaweka maini juu ya makaa, akayanyunyizia chumvi, na wakala polepole wakiongea. Waliongea habari za mvua iliyokataa, za ndengu, za mabinti wa kuozwa, za goti la Nurudin lililouma upepo ukigeuka. Ilikuwa hivyo miaka na miaka. Wamuyu, mkewe Njoka, alizoea kusema, "Mimi niliolewa na wanaume wawili, ila mmoja tu ndiye ninayempikia."

Ndipo mdogo wake Nurudin akatuma gemu kutoka Nairobi. Lilikuwa sanduku la rangi ya majivu, jepesi, lenye padi mbili za kuchezea zilizofungwa kwa nyaya kama ndama wawili kwenye kigingi kimoja. Nurudin aliliunganisha na televisheni ndogo na betri ya gari, akachomeka kaseti ya mchezo, na hapo vifaru vidogo vya vita vikaanza kutembea kwenye kioo vikipigana risasi.

Siku hiyo ya kwanza alivuka barabara mbio, yeye na goti lake, kumwita Njoka. Njoka akaenda. Akatazama watu waliojaa dukani, akatazama vifaru, akatazama ile padi aliyonyooshewa, yenye vitufe vidogo kuliko kucha zake.

"Hiki ni kitu cha watoto," akasema kwa sauti. "Wewe Baba Zuleka, na mvi zako zote!"

Watu wakacheka. Nurudin pia akacheka, lakini kidogo, na ile padi akampa aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu alikuwa Mithika, karani wa ghala la ndengu, kijana wa Kibirichia kule kwenye baridi na viazi, ambaye joto la Ishiara lilimfanya atembee na leso shingoni. Mwaka huo ndengu zilikauka shambani, ghala likawa tupu, na karani hakuwa na la kufanya. Alikaa kwenye kreti la soda kando ya Nurudin, na hakuondoka tena.

Tangu hapo Nurudin alikuja, akachinja, akanawa mikono haraka haraka, akaenda zake. "Maini niwekee, Baba Munene. Narudi sasa hivi." Asirudi. Maini yakakauka juu ya makaa mpaka yakawa kama ngozi ya kiatu, na Njoka akala fungu lake na la mwenzake bila kusikia ladha ya lolote.

Kutoka ng'ambo zilimfikia kelele.

"Linda mlango, karani! Linda mlango!"

"Nimekulinda, Baba Zuleka! Wewe songa mbele!"

Nimekulinda! Neno hilo lilimwingia Njoka kama mfupa kooni. Huyu mtoto wa viazi, aliyekuja juzi, amlinde Nurudin na nini? Nani alikaa na Nurudin mwaka ule wa njaa? Nani alimbeba mgongoni mpaka zahanati alipoumwa na nyoka? Akiwaza hayo alikata nyama kwa hasira, na wateja wakapata mifupa mingi kuliko haki yao.

Lakini ile gemu ilikuwa na maradhi yake. Jua la Ishiara likishapanda na bati la duka likianza kulia, sanduku lilipata joto na picha ikageuka michirizi kama kikoi. Betri ikichoka, vifaru vilitembea kama vinyonga. Na vumbi, vumbi lile jekundu la barabara, liliingia kwenye meno ya shaba ya kaseti, kioo kikawa cheupe. Hapo Nurudin aliichomoa kaseti, akavimbisha mashavu, akaipuliza, akairudisha. Mara ilikubali, mara ilikataa.

"Mimi nikiumwa na kichwa hunipulizii hivyo," Rahema mkewe alimwambia akiwa kwenye mizani ya sukari.

"Wewe huna meno ya shaba, mama."

Kila gemu ilipozima, roho ya Njoka ilifunguka. Alifuta meza, akachochea makaa, akatafuta kipande kizuri cha ini. Kabla ini halijageuka rangi, kelele zilirudi. Karani ameweka sufuria ya maji chini ya sanduku lipoe. Karani amesugua kaseti kwa leso yake. Karani hivi, karani vile. Wivu ni kama moshi wa kuni mbichi: unakutoa machozi wewe uliye jikoni, na aliye nje hata hajui kuna moto.

Siku moja kaseti ikakataa kabisa. Njoka alikuwa amesimama barabarani akijifanya anaangalia mawingu, akamsikia Mithika akisema, "Mdomo wa sanduku umekuwa mgumu. Kaseti haikai vizuri, inakwama."

Njoka akarudi buchani akiwaza, na mawazo yale yalimpendeza. Je, akiiponya yeye? Nurudin atauliza, nani amefanya kazi hii? Naye Rahema atajibu, ni Njoka. Si alikuwa na mashine ya kusaga nyama, na kufuli, na mnyororo wa baiskeli? Vyote vilipokwama alivipaka mafuta ya mbuzi, na vyote vilimtii.

Kesho yake Nurudin alipokwenda kuswali adhuhuri, na karani akaenda kula, Njoka alivuka na mafuta kwenye kipande cha karatasi.

"Shemeji, ile gemu inakwama. Nina dawa yake."

"Iangalie tu," Rahema akasema, mikono imejaa sukari ya wateja. "Usiivunje lakini."

Njoka akapaka meno ya kaseti, akapaka mdomo wa sanduku kwa kidole mpaka ndani, polepole, kwa upendo, Mungu ni shahidi. Kaseti ikateleza kama kisu kwenye paja la mbuzi. Akarudi kwake akitabasamu, akakaa kusubiri kusikia jina lake.

Nurudin aliporudi aliwasha, kioo kikawa cheupe. Akapuliza, hakuna. Akaongeza betri nyingine, hakuna. Joto la mchana likayeyusha yale mafuta yakashuka tumboni mwa sanduku, na sisimizi wa kwenye magunia ya sukari wakayanusa. Walipanda mguu wa meza kwa mstari mmoja mweusi. Mithika alipofungua mfuniko alikuta wamejaa kama ufuta, wengine hai, wengine wameungua. Akagusa, akanusa kidole.

"Haya ni mafuta ya mbuzi."

Vichwa vyote viligeuka kutazama ng'ambo ya barabara.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Watu walifurika na mbuzi, kuku na magunia, na Njoka alikuwa amenoa kisu mapema. Mbuzi alifungwa kwenye mti akilia. Nurudin hakuja. Mwenye hoteli alipita kuuliza nyama, akaambiwa bado. Akapita tena.

"Si uchinje mwenyewe? Mikono huna?"

Njoka akakitazama kisu. Angechinja, nusu ya soko ingepita bila kununua, hilo lilijulikana. Lakini hata bila soko, mikono ilikataa.

Wamuyu alitoka na karai la maji, akamtazama. "Mbuzi mzima, kisu kizima. Mgonjwa ni wewe. Vuka barabara, Baba Munene."

Akavuka. Nurudin alikuwa amekaa na brashi ya rangi akiwatoa sisimizi mmoja mmoja, na Mithika kando yake na kijiti cha kiberiti. Nurudin hakuinua kichwa.

"Ungetaka kuiua ungeleta shoka. Ningeelewa."

"Sikutaka kuiua."

"Ulifurahi kila ilipozima. Unadhani sikukuona? Mlango wako unatazama wangu."

"Nilifurahi. Hilo sikatai. Lakini jana nilitaka ipone."

"Kwa mafuta, mzee?" Mithika akauliza.

"Mashine yangu ya nyama hupona hivyo."

Rahema akacheka mpaka akashika mizani. Nurudin naye midomo ilimcheza, akaizuia. Akaweka brashi chini, akamtazama rafiki yake usoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Ikizima unafurahi, ikiugua unailetea dawa. Sasa mimi nikueleweje? Ulitaka nini, Njoka? Sema. Watu wana njaa huko nje."

Njoka aliitazama mikono yake minene, iliyozoea mifupa. Karani alitaka kuinuka kumpisha, yeye akamzuia kwa kiganja.

"Siku ile nilisema ni kitu cha watoto kwa sababu niliviona vile vitufe nikaogopa kushindwa mbele ya watu," akasema. "Mtu akikataa mara ya kwanza, huitwa tena, sivyo? Nilikuwa pale mlangoni kila siku. Nilitaka uniite tena."